Uzio Ukifika Mlangoni, Mzigo Utashukia Wapi?

Ikitangazwa kwamba stesheni ya reli inajengwa katikati ya mji, mwenye duka huwaza wateja kwanza: watanionaje nikiwa nyuma ya mabati? Wasiwasi huo ni wa haki, lakini kuna jambo linalotakiwa kuwazwa kabla yake. Mteja ana miguu. Akikutaka atapita pembeni ya uzio, ataruka dimbwi, ataulizia kwa mama ntilie wa kona mpaka akufikie. Robota la mitumba halina miguu, wala boksi la vigae, wala mtungi wa gesi. Siku Fuso litakapokosa pa kusimama, duka litaanza kunyauka kutokea stoo, na mteja akifika atakuta rafu tupu.

Mfano nitakaoutegemea zaidi ni wa Auckland, New Zealand, kwa sababu huko wafanyabiashara wameishi na uzio karibu miaka kumi na mambo yao yameandikwa wazi. Stesheni kuu ya mji ule, Britomart, ilikuwa mwisho wa reli: treni iliingia, ikashusha, kisha ikatoka kwa njia ileile iliyoingilia. Ili kuifungua, waliamua kuchimba mahandaki mawili ya kilomita 3.45 chini ya mji, mahali pengine kina kikifika mita 42. Kazi kwenye Mtaa wa Albert, wenye hoteli, ofisi, migahawa na maduka madogo, zilianza mwaka 2016. Treni zilitarajiwa 2024, tarehe ikasogezwa hadi 2026. Gharama zikapanda kutoka dola za huko bilioni 4.4 hadi karibu bilioni 5.5. Mfuko wa dola milioni 12 wa kuwanusuru wafanyabiashara wadogo waliokabwa na ujenzi ulitangazwa mwaka 2021.

Kutoka 2016 hadi 2021 ni miaka mitano, na hiyo ni nchi tajiri yenye utulivu na magazeti yanayopiga kelele. Duka la mtaji wa milioni ishirini haliwezi kungoja miaka mitano. Ndiyo maana, kinyume na washauri wengi, nasema usimalizie nguvu zako kwenye kudai fidia. Idai, kwa nini usiidai, lakini nguvu zako nyingi zipeleke kwenye kitu kinachopatikana: mita kumi na mbili za ukingo wa barabara, na saa mbili za asubuhi, zilizoandikwa kwenye mpango wa mkandarasi kabla ya bati la kwanza kusimikwa. Uzio ukishasimama, kila mita ina mwenyewe, na kuirudisha ni kazi ya barua na vikao.

Waliofanya biashara Kariakoo wakati Mtaa wa Msimbazi unachimbwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, kabla hayajaanza kutembea Mei 2016, hawahitaji kuelezwa vumbi lilivyo. Ila stesheni ya reli, hasa ya chini ya ardhi, ina tabia zake, na ukizijua utajua wakati wa kuuliza na cha kuuliza.

Kwanza, uzio si mmoja. Unahama. Wa kwanza kuja ni watu wa mabomba na nyaya, na hawa ndio wasiotabirika kuliko wote. Chini ya mtaa wa mjini pana bomba la maji la zamani, mtaro wa majitaka, nyaya za umeme, mkongo wa simu, na vitu ambavyo hakuna mchoro unaovionyesha. Vyote vinahamishwa kabla shimo halijaanza. Auckland walilazimika kuanza na mtaro wa maji ya mvua chini ya Mtaa wa Albert, wakautobolea njia mpya kwa mashine ndogo kabla ya kufikiria reli. Kule Sydney, walipojenga reli ya tramu kwenye Mtaa wa George kuanzia 2015, wenye maduka waliambiwa kila kipande cha mtaa kitafungwa kwa miezi fulani, kisha mafundi wakakutana na nyaya na mabomba ambayo mpango haukuyahesabu ipasavyo, na vipande vingine vikakaa chini ya uzio muda mrefu kuliko ulioandikwa. Kwa hiyo ukipewa tarehe ya awamu ya mabomba, iheshimu lakini usiiamini. Weka akiba ya nusu yake tena.

Zikitoka nyaya huja mashine za kutoboa ardhi ili kujenga kuta za shimo. Hizi ni ndefu, nzito, zina tope lake, na hazihami kwa wepesi, kwa hiyo kipande cha mbele ya duka lako kitashikwa kwa wiki kadhaa mfululizo. Baada ya kuta kuna njia mbili. Mkandarasi akichimba shimo lote wazi kwanza, barabara haipo mpaka mwisho. Akijenga paa la stesheni kwanza kisha akachimba chini yake, barabara inaweza kurudi juu ya paa mapema wakati kazi ikiendelea chini. Huna sauti katika uamuzi huo, lakini jibu lake ndilo litakalokuambia kama utakaa nyuma ya uzio mwaka mmoja au minne. Liulize kwenye mkutano wa kwanza wa hadhara, wakati wenzako wanauliza kuhusu ajira za vijana wa mtaa.

Halafu kuna udongo. Watu husahau udongo. Chukua mfano wa shimo la urefu wa mita 300, upana 20, kina 15: vipimo visivyo mbali na stesheni ya Te Waihorotiu iliyo chini ya Mtaa wa Albert kule Auckland. Hizo ni mita za ujazo 90,000. Tipa linalobeba mita 10 za ujazo litapakia mara 9,000, na bado hatujahesabu kwamba udongo ukichimbwa huvimba. Kila tipa linaingia tupu na kutoka limejaa, maana yake ni misafara 18,000 mbele ya mlango wa mtu. London, kwenye mradi wa reli wa Crossrail, zaidi ya tani milioni 3 za udongo zilipelekwa kisiwa cha Wallasea kutengeneza makazi ya ndege, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa kwa treni na meli ili malori yapungue mjini. Wewe uliza jambo dogo: matipa yatapita mtaa gani, yataanza saa ngapi, na yatasubiri wapi yakiwa na foleni. Hilo la kusubiri ndilo muhimu. Matipa matano yanayongoja zamu yao, injini zikiunguruma, hujaa sawasawa pale ambapo Fuso lako lilizoea kusimama.

Sasa kazi yako. Nunua daftari. Kwa wiki mbili, moja ikiwa na mwisho wa mwezi, andika kila gari linaloleta au kuchukua mzigo dukani kwako. Si kwa kukisia. Mweke kijana mlangoni aandike hivi: Jumanne, Fuso, limefika saa 1 na dakika 10 asubuhi, marobota 40, makuli wanne, hatua 22 kutoka mkia wa gari hadi stoo, limeondoka baada ya dakika 35. Na kama dakika kumi kati ya hizo zilikuwa za kumngoja mwenye ufunguo wa stoo, ziandikwe pia, kwa sababu hizo ni zako, utazikomboa bila kumwomba mtu. Ongeza kumbukumbu ya misimu: shamrashamra za kabla ya Idi, Krismasi, na Januari ya sare na madaftari ya shule. Ukiingia kwenye kikao na mkandarasi ukasema "tunaumia", mhandisi ataitikia kwa heshima na kuendelea na ajenda. Ukisema "mtaa huu wenye maduka 30 hupokea magari makubwa 11 kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na kila moja husimama wastani wa dakika 40", atachukua kalamu.

Hilo daftari litakufundisha na wewe. Turudi kwenye yale marobota 40. Robota la mitumba la kawaida lina kilo 45, kwa hiyo Fuso limeshusha kilo 1,800. Hatua 22 ni kazi ya mchezo kwa makuli wanne. Sogeza gari mita 200, hadi nje ya uzio, uone. Kila kuli ana marobota kumi, kila robota ni mita 200 za kwenda na 200 za kurudi: kilomita nne kwa kila mtu, mbili kati yake akiwa na kilo 45 kichwani, juani, katikati ya watu. Hakuna atakayeikubali kazi hiyo kwa bei ya zamani, na akiikubali atachoka safari ya sita. Guta linalobeba marobota manane litaumaliza mzigo huo kwa safari tano. Kwa hiyo swali si tena "lori lifike mlangoni au lisifike". Swali ni njia iliyo kati ya lori na mlango ikoje.

Na hapa ndipo wafanyabiashara wengi hudai kisichowezekana na kuacha kinachowezekana. Kwa muda mrefu wa ujenzi lori halitafika mlangoni. Dai njia ya guta na mkokoteni: upana wa mita mbili, sakafu ngumu isiyo na kokoto wala mchanga, bila ngazi, na pale penye ukingo pawekwe mteremko wa zege, siyo ubao unaoyumba. Pawe na taa. Mvua ikinyesha maji yawe na pa kwenda. Mkandarasi anaweza kukupa hayo kwa gharama ndogo sana kulinganisha na mashine zake, na mara nyingi hayafanyi kwa sababu hakuna aliyemtajia vipimo. Njia hiyohiyo ndiyo itakayopitisha kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto mgongoni, kwa hiyo utakuwa na watetezi wengi.

Upande wa lori, omba eneo la pamoja la kushushia, moja kila mwisho wa uzio ikiwezekana. Lori la ukubwa wa kati, kama Fuso lililozoeleka, lina urefu wa mita nane hivi. Ongeza nafasi ya kufungua mlango wa nyuma na ya kuli kugeuka na mzigo, unapata zile mita kumi na mbili. Usikubali eneo ambalo lori litaingia kwa mbele na kutoka kwa kurudi nyuma katikati ya watu. Crossrail waliwataka madereva wao wa malori wapitie mafunzo maalumu ya kuwaona waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, kwa sababu lori mjini huua pale dereva asipoona. Kama mtaa umezibwa mwisho, padaiwe pa kugeuzia, au awepo mtu wa kuongoza kila lori linaporudi nyuma, mwenye kizibao na filimbi. Utingo anayepiga bodi na kusema "twende, twende" huku akitazama simu hatoshi.

Eneo likishapatikana, lilinde. Mwizi wa kwanza wa nafasi ya kushushia mizigo huwa ni pikapu ya mkandarasi mwenyewe, wa pili ni gari la mwenye jengo. Wa tatu ni machinga aliyesukumwa na uzio kutoka alipokuwa, na huyu simlaumu, maana hata yeye amepoteza mlango. Kaeni naye mapema. Mkimwachia mwenyekiti wa mtaa na mgambo wamfukuze, atarudi saa ya pili akiwa na wenzake. Mkimwonyesha pa kukaa kando ya njia ya wateja, ambako kwake ndiko kwenye biashara nzuri zaidi, atawasaidia kuiweka wazi njia ya magari. Pangeni zamu za nusu saa nusu saa, orodha ibandikwe, na awepo msimamizi mmoja anayelipwa, ikiwezekana na mradi. Gari lisilo kwenye orodha lisubiri. Gari lililomaliza liondoke, hata kama dereva hajamaliza chai.

Kuna siku ambazo mpango wote huo utavurugika, nazo zinajulikana kabla: siku za kumwaga zege. Zege likishachanganywa lina muda wake. Kanuni inayotumika sana ni saa moja na nusu kutoka linapochanganywa hadi linapomwagwa, na kwenye joto la pwani muda huo ni mfupi zaidi. Hakuna msimamizi wa ujenzi atakayelizuia gari la zege ili Fuso lako lishushe sabuni, hata mkiwa na makubaliano yaliyotiwa saini. Badala ya kugombana siku hiyo, dai ratiba ya zege wiki moja kabla, na uthibitisho wa jioni kwa simu. Ukijua Alhamisi kuanzia saa 2 asubuhi kuna magari ya zege thelathini, mzigo wako unaingia Jumatano. Ni jambo dogo, lakini katika yote ninayoyaeleza hapa, hili ndilo ambalo huleta amani haraka zaidi kati ya duka na uzio.

Je, kushusha usiku? Inafaa kwa baadhi. London, wakati wa Olimpiki ya 2012, maduka mengi yalipokea bidhaa usiku kwa masharti ya kutosumbua waliolala: injini izimwe, redio izimwe, milango isibamizwe, vyuma vya kubebea vivikwe mpira. Kwetu kelele si kikwazo pekee. Kuna usalama wa mzigo na wa mtu anayeufungulia mlango, kuna posho ya usiku ya makuli, kuna umeme unaoweza kukatika stoo ikiwa wazi. Mwenye duka moja akijaribu peke yake ataumia. Maduka kumi yakilipia kwa pamoja walinzi wawili na taa, gharama inagawanyika. Mimi naona alfajiri, kati ya saa 11 na saa 1, inafaa zaidi kuliko usiku wa manane: barabara bado ni nyeupe, makuli wameshaamka, na wakandarasi wengi bado hawajawasha mashine.

Wauzaji wa jumla wana mlango mwingine, na ni mzuri. Mteja wa Kariakoo anayetoka Mbeya, Lubumbashi au Moroni haji kubeba shehena mkononi. Anakuja kuona, kushika, kupatana bei, kulipa. Mzigo wake kwa nini uingie katikati ya mji halafu utoke tena? Mwonyeshe sampuli dukani, umpakilie kutoka stoo ya nje. Bristol, Uingereza, walifungua mwaka 2004 kituo cha nje ya eneo la maduka ambako bidhaa za wenye maduka wengi zilikusanywa na kuingizwa mjini kwa magari machache yaliyojaa, badala ya kila duka kuwa na gari lake lililobeba nusu. Sisi hatuhitaji kituo cha namna hiyo kuanza. Wenye maduka watano wanaoaminiana wanaweza kukodi stoo moja nje ya msongamano, wakaajiri mtunza stoo mmoja mwenye vitabu safi, na kutumia Kirikuu mbili kujaza maduka kila asubuhi. Kinachovunja mpango huu ni tamaa ya kujua jirani ameuza nini. Vitabu viwe vya kila mmoja peke yake.

Si kila bidhaa inavumilia hayo. Duka la dawa lina insulini na dawa nyingine za kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo sanduku la barafu halipaswi kukaa juani likingoja zamu. Wenye samaki na barafu wanahesabu dakika. Vioo na vigae havipendi kokoto, na safari moja ya mkokoteni kwenye njia mbovu inaweza kula faida ya wiki. Mitungi ya gesi haipaswi kurundikwa karibu na uzio ambako mafundi wanachomelea vyuma. Kwenye ile orodha ya zamu, hawa wapewe nafasi za karibu na za mapema, na mwenye nguo akubali kusogea. Mkilikubali hilo wenyewe kabla ya kikao, mkandarasi atakutana na mtaa wenye sauti moja.

Pesa nazo zizungumzwe mapema, kabla mauzo hayajashuka. Kama mwenye nyumba wako huchukua kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, usilipe mkupuo mwingine bila kipengele kinachosema nini kitatokea njia ikifungwa. Mwambie ukweli: jengo lenye stesheni jirani litapanda thamani na faida hiyo itakuwa yake, kwa hiyo na yeye achangie machungu ya kungojea. Wengine watakataa. Wengine, wakiona majengo ya jirani yana vyumba vitupu, watakubali kupokea kodi ya mwezi mwezi. Benki iendee ungali unalipa vizuri. Mkopaji anayeomba kurefushiwa marejesho akiwa hana deni la nyuma husikilizwa tofauti na yule aliyekwama miezi mitatu. Na kwa wafanyabiashara wa Tanzania, makadirio ya kodi ya mapato ya mwaka yanaweza kurekebishwa katikati ya mwaka mapato yakishuka. Nenda TRA na vielelezo, usingoje mwisho wa mwaka kulipia faida ambayo hukuipata.

Vielelezo hivyo ndivyo vitakavyokusaidia na kwenye fidia ikija kupatikana. Fidia iliyozoeleka kwetu ni ya ardhi na majengo yanayotwaliwa. Biashara iliyopungua kwa sababu ya uzio ni dai gumu. Anayelipata ni yule mwenye risiti za EFD za miaka miwili kabla ya ujenzi na za kipindi cha ujenzi, picha zenye tarehe, na nakala za barua zilizogongwa muhuri wa kupokelewa. Miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika hutakiwa kuwa na utaratibu rasmi wa kupokea na kujibu malalamiko. Uliza daftari la malalamiko liko wapi na nani analisimamia. Lalamiko la mdomo kwa kijana anayeshika bendera nyekundu na kijani halifiki popote, tena kijana huyo ndiye utakayemhitaji kesho akusimamishie magari.

Mawasiliano yawe na mwenyewe. Chagueni watu wawili wa mtaa, mmoja wa maduka na mmoja wa wasafirishaji, wakutane kila wiki na mtu mmoja wa mradi ambaye simu yake inapokelewa na ambaye ana mamlaka ya kuhamisha bati. Kundi la WhatsApp ni zuri kwa taarifa, ni baya kwa maamuzi. Picha za maua na salamu za asubuhi zitaizika taarifa ya zege. Waongoza matipa, wenye bodaboda na bajaji za kituo cha karibu wawemo pia, kwa sababu njia ya mchepuko ikibadilika usiku wao ndio wa kwanza kujua. Zimamoto wasisahaulike. Uingereza, mwongozo wa majengo hutaka njia ya gari la zimamoto iwe na upana wa mita 3.7, na kipimo hicho si kibaya kwenda nacho kwenye kikao kama mtaa wako una majengo ya ghorofa yaliyojaa nguo na plastiki. Pima mwenyewe kwa tepu kati ya uzio na vibaraza. Mkipata pungufu, hilo si lalamiko la biashara tena, ni la uhai, na hupandishwa haraka.

Kuhusu mabango: mradi ukijitolea kuandika "Maduka yako wazi", shukuru, lakini omba bango lioneshe jina la duka na mshale kwenye kona ambako watu huamua kugeuka. Bango lililo mbele ya mlango wako linasomwa na wewe tu.

Wakandarasi na maofisa wa halmashauri wanaosoma hapa nawaomba jambo moja: gari la kwanza kuingia mtaani lisiwe la mabati. Itangulie wiki moja ya kupima na kuuliza. Auckland, makutano ya mitaa ya Wellesley na Albert yalifungwa kwa magari mwaka 2021 kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kufungwa kwa urefu huo watu wanaweza kukubali kukiwa na sababu na tarehe. Kinachowachosha ni uzio unaosogea usiku mmoja mita tatu bila neno.

Limebaki jambo ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Mtaa hautarudi ulivyokuwa. Stesheni huleta maelfu ya watu kwa miguu, na mji huwapa nafasi kwa kuichukua kutoka kwa magari. Mtaa wa Albert ulirudishwa ukiwa na njia pana zaidi za waenda kwa miguu, na Msimbazi katikati yake pamekuwa pa mabasi. Kwa mauzo ya rejareja hiyo inaweza kuwa neema. Kwa anayeuza saruji au friji, nafasi ya muda aliyoipigania kwa miaka mitatu inaweza kufutwa kabisa siku ya ufunguzi. Mchoro wa mtaa wa baadaye mara nyingi hutengenezwa mapema, wakati mafundi bado wako kwenye mabomba, na huwekwa wazi kwa maoni kwa muda mfupi. Utafute. Angalia kama una sehemu iliyoandikwa ya kushushia mizigo, ni ya urefu gani, na ni ya saa zipi. Kama haipo, barua iende wiki hiyohiyo kwa mamlaka itakayokabidhiwa barabara, siyo kwa mkandarasi, ambaye kwake kazi huisha siku ya makabidhiano. Na lile daftari la magari liambatanishwe.